Lete Joho Kabla ya Baridi
Neno la Kwaya Siku ya Jubilii



 

Kamati ya Jubilii ilitupa dakika ishirini na ikatuomba tusisome historia ya kwaya, kwa kuwa imechapishwa kwingine katika kitabu hiki pamoja na picha za zamani. (Wale mtakaojitambua kwa suruali za miguu mipana, msitukasirikie. Ndizo zilizokuwa mtindo.) Basi tukakubaliana kuzungumza juu ya jambo ambalo kila aliye ndani ya kanisa hili analisikia vidoleni sasa hivi. Tutazungumza juu ya baridi.

Wageni wetu kutoka Mombasa na Kisumu wametuuliza tangu jana kwa nini tumeweka sherehe mwezi wa Julai, wakati ambapo Limuru hailioni jua. Jibu fupi ni kwamba kwaya hii ilianza Julai, miaka 50 iliyopita, na kina mama waliotutangulia hawakungoja hali nzuri ya hewa. Jibu refu ndilo tutakalojaribu kulitoa.

Mnaoishi huku mnajua. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka juu ya majani chai usiku, na siku nyingine hauinuki hadi saa sita mchana. Nguo hukaa kwenye kamba siku tatu na bado zinanuka unyevu. Mchumaji wa majani chai huingia shambani amejifunga plastiki kiunoni, na kabla ya saa moja asubuhi umande umekwisha kumfikia mwilini. Wazee wanashika magoti. Watoto wanakohoa. Na kuna baridi nyingine ndani ya hiyo baridi. Mtu aliyefiwa mwezi wa Mei alikuwa na nyumba iliyojaa watu. Ikifika Julai turubai limerudishwa, sufuria za kukodi zimerudishwa, jamaa wamerudi Nairobi na Nakuru, simu zimepungua, naye anabaki na kikombe cha chai kinachopoa kabla hajakimaliza. Sisi wanakwaya tumeimba katika misiba mingi, na tumeona kwamba siku ya mazishi yenyewe mara nyingi si siku ngumu kuliko zote. Ile jioni ya mwezi wa pili au wa tatu ni ngumu zaidi.

Biblia haioni haya kuitaja baridi. Mtunga Zaburi ya 147 anauliza ni nani awezaye kuistahimili baridi inayotoka kwa Mungu, naye hajifanyi kwamba yeye anaweza. Yohana katika sura ya 10, anaposimulia Sikukuu ya Kutabaruku huko Yerusalemu, anaongeza kwamba ulikuwa wakati wa baridi na kwamba Yesu alikuwa akitembea hekaluni katika ukumbi wa Sulemani. Hatusemi kwamba tunajua alichokuwa akiwaza. Lakini tukiwa kituoni tunangoja gari, tukitembea huku na huku na mikono kwapani, tunapenda kukumbuka kwamba Mwokozi wetu naye alitembea wakati wa baridi. Na katika sura ya 18 Yohana anataja moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, kwa sababu kulikuwa na baridi, na Petro amesimama hapo akiota moto huku akimkana Bwana wake. Kisha katika sura ya 21, ufuoni alfajiri, kuna moto wa makaa tena, na safari hii aliyeuandaa ni Yesu mwenyewe, na samaki juu yake. Petro aliuona moto ule wa pili. Hatudhani kwamba alikuwa ameusahau ule wa kwanza.

Lakini andiko tuliloliweka juu ya kitabu hiki ni la Paulo. Tafadhali mkifika nyumbani lisomeni polepole, 2 Timotheo sura ya 4 nzima. Paulo yuko kifungoni. Anajua kwamba siku zake zimekwisha kuhesabiwa. Anasema juu ya vita alivyovipiga, juu ya mwendo alioumaliza, juu ya taji aliyowekewa. Ni maneno makubwa, na sisi tumeyaimba kwa sauti nne mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Halafu, mistari michache tu baadaye, mtu huyohuyo anamwomba Timotheo amletee joho lake aliloliacha Troa nyumbani kwa Karpo. Na vitabu, hasa vile vya ngozi. Na karibu na mwisho anamhimiza afanye bidii aje kabla ya majira ya baridi.

Wahubiri wengi huishia kwenye taji. Sisi tunaona kwamba joho nalo ni injili. Huyu ni mtume, aliyekuwa na tumaini kuliko sisi sote, na bado mgongo wake ulisikia baridi. Hakuona kwamba kuomba nguo ya kujifunika ni upungufu wa imani. Hakuona aibu kusema kwamba Dema amemwacha, kwamba ni Luka tu aliye pamoja naye. Na ile haraka yake ilikuwa na sababu, kwa maana zamani zile vyombo vya bahari havikusafiri kwa kawaida katika miezi ya baridi. Kama Timotheo angechelewa kidogo, asingefika mpaka msimu mwingine, na huenda mzee asingekuwepo. Kwa hiyo tunapomwona ndugu amekaa kwenye baridi, na tunajua kwamba Bwana atakuja, na tunajua kwamba kuna ufufuo, bado lile joho liko Troa na mtu lazima alichukue alipeleke. Tumaini la taji halikumfanya Paulo asihitaji joho. Lilimfanya aweze kuliomba bila kunung'unika.

Hayo ni ya joho. Sasa tugeukie wimbo, kwa sababu sisi ni kwaya, na mngeshangaa kama tusingefika huko.

Kila Desemba, jua likiwa kali na vumbi likiruka barabarani, tunaimba ule wimbo wa usiku mtakatifu ambao Wajerumani huuita Stille Nacht. Watoto hudhani ni wimbo wa sherehe na soda. Sisi wenyewe tulidhani hivyo kwa miaka mingi, mpaka mwalimu wetu wa kwaya alipotusomea habari za watu walioutunga.

Aliyeandika maneno ni kasisi kijana, Joseph Mohr. Alizaliwa Salzburg mwaka 1792, nje ya ndoa. Baba yake alikuwa askari aliyetoroka jeshini na kumwacha mama mjamzito, na mama huyo alijipatia riziki kwa kufuma kwa sindano. Mtu aliyeandikwa kuwa baba wa ubatizo wa mtoto yule alikuwa mnyongaji wa mji, na mnaweza kufikiri wenyewe jinsi watu walivyoitazama familia hiyo. Aliyemwinua ni kasisi aliyesimamia muziki katika kanisa kuu la Salzburg, ambaye alimsikia, akamtunza na kumsomesha. Wanakwaya wenzetu, hapo mtulie kidogo. Mtoto ambaye hakuna aliyemtaka alipata mlango wa kuingilia duniani kupitia kwaya ya kanisa. Wako watoto wa namna hiyo wanaochungulia dirishani kwetu kila Alhamisi tukifanya mazoezi.

Maneno yenyewe aliyaandika mwaka 1816, akiwa kasisi msaidizi katika kijiji cha Mariapfarr, milimani Austria. Mwaka huo ulikuwaje? Vita vya Napoleon vilikuwa vimemalizika karibuni tu, baada ya miaka mingi ya majeshi kupita na kula kila kitu. Na Aprili 1815, mbali sana, mlima wa volkano uitwao Tambora huko Indonesia ulikuwa umelipuka kwa nguvu ambayo haijapata kuonekana tena tangu hapo. Majivu na gesi zake zilipanda juu angani zikapunguza mwanga wa jua duniani. Huko Ulaya mwaka 1816 uliitwa mwaka usio na kiangazi. Mvua haikukatika, theluji ilianguka wakati usio wake, nafaka ikaoza shambani, njaa ikaingia. Wale watu hawakujua habari za Tambora. Walijua tu kwamba jua limewakataa.

Mwaka uliofuata Mohr alihamishiwa Oberndorf, kando ya mto Salzach. Watu wa huko waliishi kwa kusafirisha chumvi kwa mashua. Lakini mwaka 1816 mpaka mpya ulikuwa umechorwa katikati ya mto, na mji ukakatwa vipande viwili, Laufen upande wa Bavaria na Oberndorf upande wa Austria. Jamaa waliokuwa majirani wakawa watu wa nchi mbili, na kazi ya mashua ikawa inafifia. Mahali kama hapo ndipo, tarehe 24 Desemba 1818, Mohr alipompelekea shairi lake mwalimu wa shule wa kijiji jirani, Franz Xaver Gruber, aliyekuwa akipiga kinanda kanisani Oberndorf. Alimwomba atunge sauti kwa ajili ya waimbaji wawili, kwaya na gitaa. Gruber akaimaliza siku hiyohiyo. Usiku ule wakaimba wao wawili, Mohr sauti ya tatu na gitaa mkononi, Gruber besi, na kwaya ikiwaitikia.

Huenda mmesikia kwamba panya walikuwa wametafuna kinanda cha kanisa. Ni hadithi tamu, lakini Gruber alipoandika maelezo yake mwenyewe mwaka 1854 hakutaja panya wala kinanda kuharibika. Sisi hatuwahitaji wale panya. Inatutosha kujua kwamba katika mji ule uliochoka, wanaume wawili na gitaa moja walisimama mbele ya watu wa mashua wasiokuwa na kazi wakawaimbia juu ya mtoto aliyelala. Beti zote ni sita, na moja ambayo siku hizi haiimbwi sana inamsifu Yesu anayewakumbatia watu wa mataifa kama ndugu. Ulisikiwa kando ya mto ambao serikali zilikuwa zimeufanya mpaka.

Mohr hakupata utajiri kutokana na wimbo huo. Alifariki Desemba 1848 katika kijiji cha Wagrain, akiwa maskini. Gitaa lake bado lipo, limehifadhiwa Hallein, katika makumbusho yaliyo mahali Gruber alipoishi. Kanisa lile la Oberndorf liliharibiwa na mafuriko ya mto hata likabomolewa, na leo pana kikanisa kidogo cha ukumbusho. Wimbo haukubomoka.

Kwa nini tunawapeleka mbali hivyo siku ya furaha yetu? Kwa sababu tuna mwaka ambao tusingeuelewa bila habari hizo.

Machi 2020 makanisa yalifungwa. Hamjasahau. Mazishi yakawa ya watu wachache wa familia tu, ya haraka haraka. Kwa mara ya kwanza tangu kwaya hii ianze, wenzetu walizikwa bila sisi. Tulikuwa tumezoea kwamba mwanakwaya akilala, tunavaa majoho yetu tunamsindikiza, sauti nne, mpaka udongo wa mwisho. Mwaka ule tulisimama majumbani, wengine jikoni, tukasikiliza kwenye simu. Kisha Julai, katikati ya baridi hii hii, milango ikafunguliwa kwa masharti: watu wasiozidi 100, ibada isizidi saa moja, walio na umri wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani, na watoto wadogo pia. Hesabuni wenyewe. Kwaya yetu ilipotoa wazee wake, na walioogopa, na waliokuwa na wagonjwa nyumbani, Jumapili ya kwanza tulikuwa watu wanne. Barakoa usoni, mita moja na zaidi kati yetu, dirisha zote wazi, ukungu ukiingia hadi madhabahuni. Hakuna aliyetoa sauti nzuri. Besi alikuwa mmoja, na alikuwa na woga. Tuliimba ubeti mmoja tu tukaketi.

Lakini mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa nyumbani siku ile kwa sababu ya umri, alisikia kupitia simu ya mjukuu wake. Alituma ujumbe kwamba amelia, na kwamba hajui kama amelia kwa huzuni au kwa kitu kingine. Sisi tulijua hicho kitu kingine ni nini. Tumaini la Kikristo si kusema kwamba baridi haipo. Ni kuimba huku pumzi yako inaonekana.

Mwenzetu mmoja wa alto alimzika mwanawe mwaka huo. Ametupa ruhusa tuseme, kwa sharti kwamba tusimtaje jina na tusimfanye shujaa. Mazoezi yaliporudi alikuja, akaketi kwenye kiti chake, akafungua kitabu, na hakuimba. Wiki baada ya wiki. Alikuwa akishika kitabu tu, na mara nyingine hakugeuza kurasa. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Hakuna aliyemwuliza kama bado anaamini. Sauti ya alto ilikuwa dhaifu bila yeye, na tuliiacha iwe dhaifu. Walioketi karibu naye walihakikisha kiti hakichukuliwi na mgeni. Mama mmoja alikuwa akimbebea chupa ya uji, akamjazia kikombe bila maneno mengi.

Ilipita karibu mwaka mzima. Jioni moja, tukiwa kwenye wimbo ambao si hata wa faraja, wimbo wa mavuno, tukamsikia. Hakusimama kutoa ushuhuda. Aliingia tu mahali pa alto kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Baadaye tulimwuliza ni neno gani lililomsaidia. Akasema hakumbuki neno lolote tulilomwambia. Anakumbuka kwamba kulikuwa na mambo ya Mungu ambayo yeye hakuweza kuyatamka, na sisi tuliyatamka masikioni mwake kila wiki, naye akakaa ndani yake kama mtu anayekaa ndani ya koti la mwingine mpaka la kwake likauke. Hilo la koti ni lake, si letu. Paulo aliwaandikia Wakorintho katika waraka wa pili, sura ya kwanza, kwamba Mungu hutufariji ili na sisi tuweze kuwafariji walio katika dhiki ya kila namna. Tulikuwa tukilisoma andiko hilo kama pongezi kwa wafariji. Kumbe linawahusu wote wawili, na zamu hubadilika. Leo unaimba kwa ajili ya mwingine, na kesho mwingine ataimba kwa ajili yako, na imani itakayosikika itakuwa imani ya kanisa hata kama yako imenyamaza.

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila mmoja amerudi. Kuna besi mmoja, mnamjua wengi wenu, ambaye tangu mkewe alale hajaingia kanisani. Tumekwenda kwake. Anatukaribisha vizuri, anatupa chai, na anatuambia kwa upole kwamba bado. Tunaheshimu hiyo bado yake. Kitabu chake cha nyimbo kiko kabatini na jina lake juu yake, wala hakitapewa mtu mwingine.

Sasa matangazo, maana hotuba ya kwaya bila matangazo si ya kwaya.

Kule nyuma, chumba cha kubadilishia nguo, kuna sweta, mablanketi na kofia za sufu ambazo kina mama wa kwaya wamefuma tangu Februari. Kila sauti imepewa orodha ya nyumba: wazee wanaoishi peke yao, waliofiwa mwaka huu, wachumaji wa majani chai walio na watoto wachanga. Tutakwenda watatu watatu kuanzia kesho jioni, na tafadhali tusimalize orodha kwa wiki moja kisha tukapumzika. Nyumba zote zitembelewe tena Agosti, na tena Septemba, watu wengine wakishaacha kwenda. Mkifika, imbeni wimbo mmoja kama mwenye nyumba anataka. Kama hataki, nyweni chai.

Na jambo moja ambalo si la kiroho, lakini tunalisema kwa sababu baridi hii imeua watu: mkikuta jiko la makaa limewashwa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, fungueni dirisha. Moshi wa makaa usioonekana hausikiki puani, na mtu akilala nao haamki. Mwelezeni mzee taratibu, na mwachieni blanketi la pili ili asiliingize jiko chumbani usiku.

Orodha ya besi ina nyumba kumi na moja. Ya kumi na moja ni ya yule ndugu yetu. Nakala yake ya kitabu hiki tumeshaiweka ndani ya mfuko pamoja na sweta, na wanaokwenda kwake ni wale watatu waliokuwa wakisimama naye mstari wa nyuma. Ukungu ukiruhusu watafika kabla ya saa kumi na mbili.